Kumuuliza Mzazi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya wa Mwese

Miongoni mwa kazi zote zinazomwangukia muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kuanzia mizani na chanjo hadi utepe wa kupimia mkono na kipimo cha wingi wa damu, hakuna inayotaka vifaa vichache na busara nyingi kama ile ya kumtazama mzazi aliyempakata mwanawe na kupima kwa insafu, bila ya kumtuhumu na bila ya kujifanya haoni, kama mtoto yule yu salama huko nyumbani anakorejea. Maneno haya nayaelekeza kwako wewe uliye katika zahanati au kituo cha afya cha kata ya Mwese, juu milimani katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambako ofisa ustawi wa jamii aghalabu yuko mbali, njia ya kwenda Mpanda ni ndefu na masika huifanya ndefu zaidi, nawe huenda ndiwe mtumishi wa serikali wa pekee ambaye mama kijana atakutana naye uso kwa uso mara baada ya mara kabla mwanawe hajatimiza miaka mitano.

Usidhani kwamba jambo hili ni la miji mikubwa tu. Utafiti wa taifa uliofanywa mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011 na serikali ikishirikiana na UNICEF, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na wataalamu wa Marekani, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto wa jinsia zote mbili walipigwa ngumi, mateke, mijeledi au kutishwa kwa silaha. Katavi nayo ina habari yake: utafiti wa afya wa 2015 na 2016 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania nzima kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, na ule wa 2022, ijapokuwa uliona idadi imeshuka, bado uliiona juu ya wastani wa taifa wa asilimia 22. Kwa hiyo yule unayemwita mama, aliyekaa kwenye benchi na kadi yake mkononi akisubiri zamu ya mizani, huenda kwa hukumu ya sheria yeye mwenyewe ni mtoto, na unapouliza kama mwanawe yu salama huna budi kuuliza pia kama yeye yu salama.

Kwanza lazima nikuonye juu ya kishawishi kimoja ambacho huwapata watu wema. Mtu akiisha kuona mtoto aliyeumizwa na wazazi wake hutamani karatasi ya maswali yenye alama, ili kila mzazi ajibu, alama zijumlishwe, na mwenye alama nyingi ajulikane kuwa ni hatari kabla hajatenda lolote. Tamaa hiyo haikuanzia kwetu. Tangu daktari C. Henry Kempe na wenzake wachapishe mwaka 1962 makala yao mashuhuri juu ya watoto wenye mifupa iliyovunjwa na wazazi, mataifa tajiri yamebuni karatasi nyingi za namna hiyo, na hesabu imezishinda. Tuchukulie kwamba katika kila wazazi elfu moja wako mia ambao watoto wao wamo hatarini kweli, na kwamba karatasi yako ni hodari kiasi cha kuwanasa themanini katika hao mia, na kuwapita kwa usalama wanane katika kila kumi wa wale mia tisa wasio na kosa: waliobaki katika hao mia tisa, ambao ni mia na themanini, watatiwa alama bure. Utakuwa na majina mia mbili na sitini mbele yako, na zaidi ya nusu ni ya watu waliosingiziwa, katika kata ambayo kila mtu anamjua mwenziwe na neno moja la shaka hufika kisimani kabla ya mwenyewe kufika kwake. Ndiyo sababu jopo la tiba ya kinga la Kanada lilishauri mwaka 2000 kwamba uchunguzi wa jumla wa namna hiyo usifanywe, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halikushauri kila mzazi na kila mtoto aulizwe kwa orodha moja, bali mhudumu awe macho kwa dalili na hali zinazomfanya ashuku, kisha aulize kwa utulivu.

Lipo jambo lililojaribiwa huko Uholanzi ambalo lafaa kufikiriwa hapa. Tangu mwaka 2007, katika mji wa The Hague, wauguzi wa idara ya dharura walianza kumuuliza kila mtu mzima aliyefika kwa mojawapo ya sababu tatu, yaani kupigwa na mwenzi wake, kujaribu kujiua au kuugua akili vikali, au kulewa kupindukia, swali moja jepesi: je, nyumbani kwako wako watoto? Hawakumpima mtoto, maana mtoto hakuwapo. Walimtazama mzazi, na katika familia walizozipeleka kwa ajili ya msaada ilithibitika kwa kama tisa katika kumi kwamba watoto walikuwa wakipata madhara kweli. Zingatia tofauti iliyopo. Karatasi ya alama huwashuku wote ili iwapate wachache, bali Waholanzi walianza na mzazi ambaye tayari amefika akiwa na jeraha lake mwenyewe, na wakamtaja mtoto kwa njia ya kumsaidia mzazi. Nasi twaweza kufanya hivyo bila ya mashine wala fedha nyingi. Mama akija usiku na jicho lililovimba, akisema kaanguka, mshone, mpe dawa, kisha mwulize watoto wako kwa nani saa hii.

Hali unazopaswa kuzitazama Mwese si ngeni kwako. Mama anayepigwa ni wa kwanza, kwa kuwa mkono unaompiga mama aghalabu humfikia na mtoto, na hata usipomfikia mtoto huona na kusikia. Wa pili ni mzazi aliyezama katika pombe ya kienyeji au gongo. Wa tatu ni mama aliyejifungua karibuni ambaye huzuni imemkalia, halali hata mtoto alalapo, anamnyonyesha akitazama ukutani. Kuna na wengine ambao hali zao huongeza uzito: msichana wa miaka kumi na sita aliyekataliwa na aliyempa mimba na kufukuzwa kwao, mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye ulemavu, ambaye kilio chake na ulishaji wake huchosha kuliko wa mwingine, mtoto wa kufikia, au wa ndugu aliyepelekwa kwa shangazi na kugeuzwa mtumishi. Ongeza ugeni. Mwese ni nchi ya Watongwe, lakini tangu miaka ya 1960, wakimbizi wa Rwanda walipopewa makazi katika milima hii chini ya uangalizi wa shirika la Kikristo la TCRS, imepokea watu wa asili nyingi, Waha na Wasukuma miongoni mwao. Na mama aliyefuata mume kutoka mbali, asiye na mama yake wala dada wala wifi wa kumpokea mtoto kwa saa moja, hubeba peke yake mzigo ambao mila za Kiafrika ziliukusudia uchukuliwe na wengi.

Lakini umaskini usiuhesabu kuwa ni kosa. Hapa sheria yenyewe ina busara kuliko wengi wetu, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, inapomtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, yataja mzazi au mlezi ambaye anao uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Asiye nacho na aliyenacho akanyima si watu wa daraja moja. Mtoto aliyekonda na nywele zake zimegeuka rangi anakutaka umtibu utapiamlo kwanza na kuuliza ghala la nyumbani lina nini, kabla hujafikiri uzembe. Na mama wa mtoto huyo huenda ameambiwa na majirani kwamba yeye na mumewe wamembemenda mtoto wao, akafika kwako akiwa amejaa haya hata hawezi kujibu. Mama wa namna hiyo ukimkaripia hatarudi tena.

Sasa nakuja kwenye mazungumzo yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii, na ningependa uyasome kwa makini kuliko mengine yote. Usimuulize mama mambo haya barazani mbele ya foleni, wala chini ya mti penye mizani, wala mbele ya mumewe au mama mkwe, hata kama wamekuja kwa wema. Tafuta sababu ya kazi: mwambie unataka kumpima presha chumbani, au kumwonyesha namna ya kumwekea mtoto titi kinywani. Ikiwa hasemi Kiswahili vizuri, mtafute mkalimani aliye mhudumu wa kituo, na usimtumie mwanawe mkubwa wala jirani, kwa kuwa la kwanza humdhulumu mtoto na la pili huieneza siri. Kaa chini, usisimame mbele yake na kalamu. Kisha anza na neno linalomwondolea tuhuma.

“Mama Zawadi,” unaweza kusema, “hapa akina mama wote wenye watoto wa umri huu huulizwa, si wewe peke yako. Mtoto wa miezi miwili hulia sana usiku, na mtu huchoka. Akilia asinyamaze, wewe hufanyaje?”

Baada ya hapo nyamaza, hata kama kimya kitakukera. Akijibu, “Namlaza kwenye mkeka, natoka nje kidogo, halafu narudi,” mwambie waziwazi kwamba amefanya vyema, maana amefanya hasa lile linalotakiwa, naye huenda alidhani ni ukatili. Akijibu, “Namtikisa mpaka anyamaze,” usiruke wala usishtuke usoni. Sema, “Ahsante kwa kuniambia,” kisha mweleze kwamba shingo ya mtoto mchanga ni dhaifu na kichwa chake ni kizito, na kwamba kumtikisa kwaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa na kumfanya kipofu, mwenye kifafa au maiti, ijapokuwa nje haonekani jeraha. Mchunguze mtoto pale pale: utosi uliotuna, usingizi usio wa kawaida, kutapika, degedege. Ukiyaona hayo ni rufaa ya haraka kwenda hospitali ya mkoa Mpanda, na maswali mengine yangoje.

Maswali yanayofuata yawe machache, na kila moja liwe limefungamana na jambo unaloweza kulitenda. Ni nani anakupokea mtoto ukitaka kulala? Katika wiki mbili hizi umekuwa na huzuni kila siku, au umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umewahi kufikiri ni afadhali usingekuwapo? Nyumbani yuko mtu unayemwogopa? Pombe nyumbani huleta ugomvi? Na kwa baba, anapokuja, maana wengi huja siku ile ya kwanza ya kliniki ya ujauzito kisha hawaonekani, muulize naye: mtoto akikosa, humwadibu vipi? Wengi watakwambia fimbo, na watakwambia bila ya haya, kwa kuwa ndiyo malezi waliyolelewa nayo. Usianzishe mabishano ya mila. Mwambie kwamba sheria hairuhusu adhabu inayopita kiasi kwa umri, mwili na akili ya mtoto, kisha mwulize yeye mwenyewe alipokuwa mdogo alijifunza nini kwa fimbo na alijifunza nini kwa babu yake aliyemketisha akamweleza. Nimeona wanaume wagumu wakiinamisha vichwa kwa swali hilo.

Kanuni moja katika haya yote siwezi kuiacha: usiulize jambo ambalo huna msaada wa kulifuatia. Kumfungua mama moyo wake juu ya mume mkali, kisha kumpa vidonge vya maumivu na kumwambia aje mwezi ujao, ni kumwacha hatarini zaidi kuliko ulivyomkuta. Kabla ya kuanza, basi, jua jina na namba ya ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, jua Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu, jua kwamba namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure kutoka simu yoyote, na jua ni nani katika kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, zile zilizoundwa chini ya mpango wa taifa unaoitwa MTAKUWWA, mwenye uwezo wa kutunza siri na ni nani asiye nao.

Juu ya mwili wa mtoto nitasema machache, kwa kuwa mafunzo yako yamekwisha kukueleza mengi. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa hana sababu ya kuwa na michubuko. Akionekana nayo, hata mmoja, chunguza. Kwa walio chini ya miaka minne angalia hasa kiwiliwili, masikio na shingo, sehemu ambazo mtoto anayecheza hazigongi mara kwa mara kama agongavyo magoti na paji la uso. Maji ya moto yaliyomwagika huacha alama zisizo na mpaka, bali mtoto aliyechovywa makusudi huwa na mstari ulionyooka kama soksi au kinga ya mkono. Paja lililovunjika la mtoto asiyetembea, maelezo yanayobadilika kila unapouliza, kuchelewa kwa siku kadhaa kumleta: haya yakikusanyika yana maana. Lakini pia jihadhari na kudhulumu. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la rangi ya samawati kiunoni au matakoni ambalo si pigo, na chale ndogo zilizopangika tumboni au kifuani aghalabu ni tiba ya kienyeji iliyotafutwa kwa mapenzi, ingawa waweza kuwafundisha wazazi hatari yake. Kalamu yako iandike ulichokiona, si ulichokidhani.

Hapa ndipo unapopaswa kutenganisha mambo mawili kwa ukali. Hatari ni jambo la kusaidiwa kwa siri na kwa hiari ya mzazi; madhara yaliyokwisha kumpata mtoto si siri tena, na wajibu wa kutoa taarifa haukuachwa kwenye hiari yako wala ya ukoo. Kwa sababu hiyo usiahidi mwanzoni kwamba hutamwambia mtu yeyote. Sema: “Utakayoniambia nitayatunza, ila nikiona kwamba mtoto au wewe mtaumizwa, hapo itanilazimu kutafuta msaada, nami nitakwambia kwanza.” Mtoto aliyebakwa atibiwe kabla ya yote, matibabu ya kuokoa uhai hayangoji fomu ya polisi namba tatu, ambayo yaweza kufuatia. Dawa za kumkinga na VVU zina kikomo cha saa 72, kwa hiyo kila saa inayopotea katika vikao vya wazee ni saa ya mtoto. Utaona pia familia mbili zikijaribu kumalizana kwa ng'ombe au fedha. Huwezi kuwazuia watu wasiongee, lakini wewe usiwe shahidi wa mapatano hayo, wala usiondoe taarifa kwa sababu yamefanyika. Na kwa mama anayepigwa, usimwite mume kituoni ili umpatanishe naye. Mara nyingi huko ni kumpeleka mama nyumbani na kosa jipya, la kusema.

Kuhusu msaada wenyewe, lile lililopata ithibati kubwa duniani ni jepesi kulifahamu: mtu mwenye moyo mwema anayekwenda nyumbani. Huko Elmira, New York, mwishoni mwa miaka ya 1970, David Olds alianza kuwatuma wauguzi wawatembelee akina mama vijana na maskini wenye mimba ya kwanza hadi mtoto alipofika miaka miwili, na miaka kumi na mitano baadaye familia hizo zilikuwa na taarifa za ukatili na utelekezaji karibu nusu ya zile zisizotembelewa. Sisi hatuna wauguzi wa kutosha, lakini tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na baadhi ya vijiji vya milima hii, kama Mwese, Lugonesi na Lwega, hupata fedha kwa kuhifadhi msitu wa Ntakata katika biashara ya hewa ukaa, fedha ambazo vijiji vya mradi huo vimezitumia kwa mambo ya afya na elimu. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usitaje jina la familia yoyote, uombe sehemu ndogo ya fedha hizo iwe mafuta ya pikipiki ya mhudumu anayewatembelea akina mama wenye mtoto wa kwanza, na nauli ya mtoto anayepelekwa Mpanda usiku. Ombi hilo lina haki ya kusikilizwa kuliko mengi yanayopelekwa hapo.

Na mwisho, kumbukumbu. Kadi ya kliniki hurudi nyumbani, nayo husomwa na mume, shemeji na mtu yeyote mwenye macho, kwa hiyo usiandike humo neno lolote la mazungumzo haya. Andika katika jalada linalofungwa kwa kufuli: tarehe, maneno ya mama kama alivyoyasema, michubuko kwa vipimo na mahali pake, hatua uliyochukua na mtu uliyempigia simu. Kwenye kadi weka tu tarehe ya kurudi, iwe ya karibu, wiki moja au mbili, na sababu iandikwe kuwa ni uzito. Siku hiyo ikipita bila ya yeye kufika, usingoje siku ya pili ya kliniki. Mtume mhudumu wa jamii asubuhi inayofuata, akapime uzito wa mtoto huko huko nyumbani.